Kuchagua mashine ya kupima na kuprogramu gari la kisasa nyumbani

Karibu kila tangazo la mashine ya kupima gari linasema inafanya magari yote. Swali la kumuuliza muuzaji ni inayafanya nini, kwa sababu zipo kazi tatu tofauti zinazouzwa kwa jina moja. Ya kwanza ni kusoma: kutoa kodi za hitilafu, kuona namba za sensa injini ikiunguruma, kuzima taa ya injini baada ya matengenezo. Ya pili ni kuamuru: kuliambia gari lilegeze handibreki ya umeme, lizungushe feni, litoe hewa kwenye pampu ya ABS, lichome masizi kwenye chujio la moshi wa dizeli. Ya tatu ni kuandika, yaani kubadilisha kilichohifadhiwa ndani ya kontroli boksi, kompyuta ya gari (kila mfumo una yake, nazo huitwa pia moduli): kuwasha kipengele kilichofungwa, kuongeza ufunguo, kutambulisha moduli mpya, au kuingiza programu nzima upya.

Kila kazi ina vifaa vyake na hatari zake. Ukisoma vibaya umepoteza muda. Ukiamuru vibaya unaweza kuvunja kitu cha chuma. Ukiandika vibaya gari haliwaki, na huenda lisiwake mpaka kontroli boksi lifunguliwe mezani. Kwa hiyo anza na kazi unayotaka kufanya, kisha tazama gari ulilonalo. Mashine ije mwisho.

Lijue gari kabla ya kununua

Andika mwaka wa kutengenezwa, aina ya injini, na soko ambalo gari lilitengenezewa. Hilo la tatu wengi hulisahau. Mfumo wa OBD2, yaani kiwango cha soketi na lugha ya kupimia injini, ulikuwa wa lazima Marekani kuanzia modeli za 1996. Ulaya uliingia kwa magari ya petroli 2001 na ya dizeli 2004. Kuanzia modeli za 2008, kila gari jipya la soko la Marekani lilitakiwa kutumia CAN, mtandao wa nyaya mbili unaounganisha moduli, kwa mawasiliano hayo. Lakini magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 yana soketi ileile ya pini 16, huku ndani yakiongea lugha ya mtengenezaji peke yake. Unachomeka adapta, kifaa kidogo kinachounganisha soketi na simu, taa zake zinawaka, halafu simu inasema haiwezi kuunganishwa na injini. Adapta nyingi nzima zimetupwa kwa sababu hiyo. Dawa yake ni programu yenye profaili za watengenezaji, kama Car Scanner, ambayo ina profaili za Toyota, Nissan na wengine, au programu ya kiwandani kama Techstream ya Toyota pamoja na kebo yake.

Soketi yenyewe hukaa chini ya dashibodi, upande wa dereva mara nyingi. Kabla ya kununua mashine yoyote, nunua multimita, kwa sababu dakika tano za kupima soketi zinakuambia kama tatizo liko kwenye mashine au kwenye gari. Pini zimepangwa safu mbili: upande mpana una 1 hadi 8, upande mwembamba una 9 hadi 16.

Anza na pini ya 16. Inatakiwa kuwa na volti za betri, karibu 12.6, hata switchi ikiwa imezimwa. Pini ya 4 na ya 5 ni earth. Kama 16 haina umeme, tafuta fyuzi yake. Kwenye magari mengi fyuzi hiyo ndiyo inayolisha pia soketi ya kibiriti cha sigara, kwa hiyo chaja mbovu ya simu inaweza kuwa imeiunguza miezi mingi iliyopita bila mtu kujua.

Kisha pima CAN, pini ya 6 na ya 14. Toa terminali hasi ya betri, subiri dakika chache moduli zilale, pima omu kati ya pini hizo mbili. Jibu zuri ni kama omu 60, kwa sababu kila mwisho wa mstari kuna rezista ya omu 120 na mbili zikiwa sambamba zinatoa 60. Ukipata 120, upande mmoja umekatika au moduli yenye rezista haipo kwenye mstari. Ukipata karibu sifuri, nyaya zimegusana. Magari yenye moduli ya lango kati ya soketi na mtandao wa ndani yanaweza kutoa namba nyingine, kwa sababu soketi ina tawi lake. Kwa gari kama hilo usilaumu waya kabla ya kuona mchoro. Ukirudisha betri na kufungua switchi, pini ya 6 huelea juu kidogo ya volti 2.5 na ya 14 chini yake kidogo.

Pini nyingine zinakuambia adapta gani itafaa. Waya kwenye pini ya 7 ni ishara ya K-line, njia ya mawasiliano ya magari mengi ya Ulaya na Asia ya kabla ya CAN. Pini 2 na 10 ni mfumo wa zamani wa GM, Ford na Chrysler. Ford na Mazda wengi wana mtandao wa pili, wa mwendo wa chini zaidi, kwenye pini 3 na 11, na huko ndiko zinakokaa moduli nyingi za bodi. Magari mapya zaidi hutumia pini 3, 11, 12 na 13 kwa mawasiliano ya aina ya Ethernet, ambayo adapta ndogo haiyajui kabisa.

Kwa kusoma tu

Kwa mwenye gari anayetaka kujua kwa nini taa imewaka, adapta ndogo na simu vinatosha. Nyingi zinaitwa ELM327, jina la chipu ya Elm Electronics ya Kanada, kampuni iliyofunga shughuli zake 2022. Adapta rahisi zilizojaa sokoni ni kopi, na namba iliyobandikwa juu, iwe 1.5 au 2.1, haithibitishi chochote. Kopi mbovu hukataa baadhi ya amri, hukata ujumbe mrefu katikati, au hushindwa mifumo ya zamani huku ikifanya kazi vizuri kwenye CAN. Ndiyo maana mtu mmoja husifu adapta ambayo jirani yake ameitupa: magari yao hayafanani. Zipo programu za simu za kuipima adapta na kuonyesha ni amri ngapi inazielewa. Ipime siku unayoipokea.

Ukitaka kuepuka bahati nasibu hiyo, chukua adapta za OBDLink au vLinker. Zina kasi, zina kumbukumbu ya kutosha, na baadhi ya modeli zake hubadilisha zenyewe kati ya mitandao miwili ya Ford. Kama unatumia iPhone, soma maelezo mara mbili: adapta ya Bluetooth ya zamani iliyotengenezwa kwa Android haitaunganika. Unahitaji ya Bluetooth ya nguvu ndogo, au ya Wi-Fi. Ya Wi-Fi huomba anwani, na karibu zote hutumia 192.168.0.10, mlango 35000. Ubaya wake ni kwamba simu ikishikamana nayo mara nyingi inapoteza intaneti.

Usiiache imechomekwa gari likilala. Inakula umeme kidogokidogo, na kopi nyingi hufunguliwa na mtu yeyote aliye karibu kwa namba 1234 au 0000.

Sasa, kusoma kodi peke yake ni nusu ya kazi. Mashine au programu nzuri lazima ionyeshe kodi zinazosubiri, ambazo bado hazijawasha taa. Ionyeshe pia picha ya hali ya gari ilivyokuwa kodi ilipojiandika: joto, mwendo, mzigo wa injini. Ionyeshe kama vipimo vya ndani vya moshi vimekamilika, na itoe namba za sensa kwa grafu. Na iingie moduli zote, si injini tu. Mashine ndogo za mkononi nyingi huishia kwenye injini, kwa hiyo taa ya ABS au eabegi ikiwaka zinakuambia hakuna kosa.

Faida ya namba hizo inaonekana vizuri kwenye kodi ya P0171, mchanganyiko mwembamba (hewa nyingi, mafuta kidogo) benki 1, yaani upande wa injini wenye silinda ya kwanza. Msoma kodi hufikia hapo, na muuza vipuri yuko tayari kumpa sensa ya oksijeni. Wewe fungua namba mbili, STFT na LTFT, yaani marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na mrefu. Zikiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri, gari halina shida kubwa. Pasha injini moto, iache iungurume bila kukanyaga mafuta, jumlisha hizo mbili. Tuseme umepata +22. Panda hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, uishikilie hapo. Namba ikishuka hadi +5, kuna hewa inayoingia kinyemela baada ya sensa ya hewa: bomba lililopasuka, gasketi ya manifoldi, mpira wa vakyumu wa breki. Hewa hiyo ni nyingi ukilinganisha na hewa kidogo ya injini isiyo na mzigo, ila haionekani injini ikivuta kwa nguvu. Mambo yakiwa kinyume, +3 gari likisimama na +20 likipanda mlima, mafuta hayatoshi au sensa ya hewa imechafuka na inahesabu pungufu. Angalia pampu, chujio la mafuta, kisha safisha sensa. Sensa ya oksijeni huenda inasema kweli muda wote.

Ukifuatilia hivi, chagua namba tatu au nne tu. Magari ya K-line hutoa majibu machache kwa sekunde, na ukiweka namba kumi na tano kwenye skrini moja kila moja itakuwa imepitwa na wakati.

Usifute kodi kabla ya kuzipiga picha. Kufuta huondoa pia ile picha ya hali ya gari na kurudisha vipimo vyote vya moshi sifuri. Ukienda kwenye ukaguzi siku hiyohiyo unaweza kurudishwa, na fundi anayefuata hatakuwa na pa kuanzia.

Kuamuru: hapa programu ya kampuni yako ndiyo muhimu

Kazi hizi hazimo kwenye OBD2 ya kawaida. Kila mtengenezaji ana amri zake, kwa hiyo swali ni nani ameziandika kwa ajili ya gari lako.

Kundi la Volkswagen, Audi, Škoda na Seat linahudumiwa vizuri na VCDS ya Ross-Tech kwa laptopu, au OBDeleven kwa simu. Ford na Mazda wana FORScan, ila toleo la Windows ndilo lenye nguvu, na linataka adapta inayoweza kwenda pini 3 na 11. Adapta ya kopi yenye swichi ndogo ya kubadilisha kwa mkono inafanya kazi mpaka siku utakaposahau kuigeuza katikati ya zoezi. BMW za F (herufi ya kwanza ya kodi ya bodi) na baadaye hutumia kebo ya ENET. Za zamani zaidi, za E, hutumia kebo ya K+DCAN, na kwa simu kuna BimmerLink na BimmerCode. Fiat na Alfa Romeo wana MultiECUScan. Kwa Toyota ni Techstream. Wenye Prius wanaweza kutumia Dr. Prius kuona volti za bloku 14 za betri kubwa ya kizazi cha pili na cha tatu, na wenye Nissan Leaf wana LeafSpy, inayoonyesha jozi zote 96 za seli. Kutazama namba hizo kupitia soketi hakuna hatari, lakini nyaya za rangi ya chungwa usiziguse.

Ukiwa na magari matatu ya kampuni tatu, tableti ya kupimia magari ya Autel, Launch, Topdon au Xtool inaanza kuwa na maana. Hapo usiamini orodha ya vipengele iliyochapishwa kwenye boksi. Kampuni hizo huweka mtandaoni orodha ya magari wanayoyahudumia. Tafuta modeli yako, mwaka wako, injini yako, kisha angalia kazi unayoitaka iko kwenye mfumo huohuo. Tableti inaweza kuwa na uwezo wa kuamuru injini ya gari lako lakini isiwe na amri hata moja ya ABS yake. Uliza pia leseni ya kusasisha ni ya muda gani, na ikiisha mashine itaendelea na toleo ulilonalo au itajifunga. Kwa magari mapya hakikisha ina CAN FD, aina ya CAN yenye kasi zaidi, ambayo GM ilianza nayo kwenye modeli za 2020, na mawasiliano ya Ethernet.

Kuna ukuta mwingine unaowashangaza watu: lango la usalama. Magari ya kundi la Chrysler na Fiat kuanzia modeli za 2018 hukuruhusu kusoma, lakini ukitaka kufuta kodi au kutoa amri yanakataa mpaka mashine iwe imesajiliwa na kupewa kibali. Volkswagen iliingiza ulinzi wake kuanzia Golf ya nane. Ukiona kodi zinasomeka lakini hazifutiki, usinunue adapta nyingine kabla ya kuhakikisha kama gari lina lango hilo.

Breki za nyuma zenye mota ndizo zinazowafanya wengi watafute mashine ya kuamuru. Piga chaji betri, fungua switchi, ingia moduli ya handibreki, chagua hali ya matengenezo, usikilize mota zikirudi nyuma hadi zinyamaze. Ndipo urudishe pistoni na kubadilisha pedi. Anayeisukuma pistoni kwa klampu bila kurudisha mota huvunja gia ya plastiki ndani yake, na hapo ananunua kalipa nzima. Ukimaliza, toa hali ya matengenezo kwa mashine, kisha kanyaga breki mara kadhaa kabla ya gari kusogea.

Kuchoma masizi kwa lazima kunahitaji tahadhari zaidi. Injini iwe moto, mafuta yazidi robo tangi, kusiwe na kodi ya nozeli au ya sensa ya joto la eksozi. Gari liwe nje, mbali na majani makavu, kwa sababu ndani ya chujio joto hufika kama nyuzi 600. Zoezi likikatizwa mara kwa mara, dizeli isiyoungua huteremka kwenye oili. Pima kijiti cha oili kabla na baada. Kikionyesha oili imepanda, badilisha oili. Na kama chujio linajaa tena baada ya wiki, tatizo lipo kabla ya chujio: nozeli, turbo, au safari fupi zisizopasha injini moto.

Kazi nyingine ni nyepesi: kufundisha kipepeo cha hewa upya baada ya kukisafisha, kuweka sifuri sensa ya usukani baada ya kunyoosha magurudumu, kusajili betri mpya kwenye BMW ili alteneta isiichaji kama ya zamani, kuingiza namba zilizochapwa kwenye nozeli mpya za dizeli. Hizo namba za nozeli zipige picha kabla ya kuzifunga, kwa sababu baadaye zimefichwa chini ya nyaya na mabomba.

Kuandika

Kuseti vitu vidogo, kama taa za mchana au mlio wa mkanda, ni kuandika pia. Kanuni zake ni mbili. Hifadhi kilichokuwepo, kwa ripoti kamili ya moduli zote na nakala ya namba za awali, mahali pengine zaidi ya laptopu hiyo. Badilisha kitu kimoja, zima, washa, jaribu, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na redio ikazimika, hujui ni kipi.

Funguo ziongeze ukiwa bado na inayofanya kazi. Kuongeza wa pili ukiwa na wa kwanza ni kazi ya dakika chache kwa mashine nyingi. Zikipotea zote ni kazi nyingine kabisa. Baadhi ya Toyota hukulazimisha kusubiri dakika 16 mfumo wa immobilaiza (kinga ya wizi inayotambua ufunguo) ujifute, betri ikiwa imara muda wote. Kabla ya kununua ufunguo mtupu hakikisha aina ya chipu ndani yake na masafa ya rimoti vinalingana na gari. Ufunguo wenye umbo sahihi na chipu tofauti hautakubaliwa hata ukijaribu mara mia. Masafa ndiyo yanayowaangusha pia wanaonunua sensa za upepo wa tairi: za 315 megahezi hazisikiki kwenye gari linalosikiliza 433.

Kuingiza programu nzima ya kiwandani kunataka kifaa cha J2534 na usajili wa mtengenezaji. J2534 ni kiwango cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, kinachoruhusu kifaa kimoja kubeba programu za kampuni nyingi. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuruhusu njia hiyo kwa kontroli boksi zinazohusu moshi, kuanzia modeli za 2004. Watengenezaji wengi huuza usajili wa muda mfupi, hata siku moja au mbili, kwa hiyo panga kazi zako zote ndani ya dirisha hilo. Vifaa vinavyojulikana ni CarDAQ, Mongoose, MaxiFlash na Tactrix Openport. Soma orodha ya vifaa ambavyo mtengenezaji wa gari lako amevikubali, maana kile kinachofanya kazi Subaru kinaweza kukwama Volvo. Kebo ya kopi ya Mini VCI inasoma Toyota vizuri tu, lakini usiitumie kuandika programu ya injini.

Kinachoua kontroli boksi nyingi ni umeme. Kuandika huchukua kuanzia dakika kumi hadi zaidi ya saa moja, switchi ikiwa wazi, moduli zote macho. Gari linakunywa ampea 15 hadi 30, makubwa ya kifahari zaidi. Betri inayoanza na 12.6 inashuka hadi 11 na kitu, kontroli boksi linaacha katikati, na eneo la kumbukumbu lililokwisha kufutwa linabaki tupu. Unahitaji chanzo cha umeme chenye volti thabiti, karibu 13.5, cha ampea 30 angalau kwa gari dogo na 50 hadi 100 kwa gari kubwa. Chaja ya kawaida ya betri haifai. Chaja za kisasa hubadili hatua zenyewe, nyingine hukata umeme kwa sekunde chache kupima betri, na sekunde hizo ndizo tatizo. Betri ya pili iliyojaa, iliyounganishwa sambamba, ni afadhali kuliko kukosa chochote, lakini haishikilii volti 13. Klampu hasi ifunge kwenye bodi au nguzo ya kuunganishia, si kwenye terminali hasi yenye sensa ya betri.

Zoezi lenyewe liende hivi:

1. Chukua ripoti kamili ya moduli zote uihifadhi. Andika namba ya chasisi, namba ya kipuri na namba ya programu iliyomo sasa. Kama toleo jipya ni lilelile ulilonalo, funga laptopu. Kuandika upya kitu kilekile hakutibu waya uliokatika.
2. Unganisha chanzo cha umeme na uangalie volti kwenye pini ya 16, si kwenye skrini ya chaja. Zima taa, kiyoyozi, redio, na uzuie taa za kujiwasha zenyewe.
3. Laptopu iwe kwenye umeme. Zima usingizi wa skrini na wa diski, zuia Windows kusasisha, simamisha antivirusi. Tumia waya mfupi wa USB moja kwa moja kwenye laptopu. Bluetooth na Wi-Fi si za kazi hii.
4. Pakua faili lote kabla ya kuanza kuandika.
5. Likianza, usiguse mlango, switchi wala waya. Feni inaweza kuzunguka kwa kasi ya juu, taa zote za dashibodi zikawaka, mishale ikaanguka. Hayo ni ya kawaida.
6. Likiisha, fuata maelekezo ya kuzima na kusubiri, kisha futa kodi kwenye moduli zote. Zitakuwa zimejaa kodi zinazoanza na U, za mawasiliano kukatika, kwa sababu kila moduli iliona mwenzake amenyamaza. Zinazorudi baada ya kufutwa ndizo za kushughulikia. Fundisha upya kipepeo cha hewa na madirisha ikiwa gari linadai.

Likikwama katikati, usikimbilie kutoa betri. Acha umeme ulivyo, fungua programu tena, rudia zoezi lilelile kwa faili lilelile. Sehemu ndogo ya kuanzishia ndani ya kontroli boksi kwa kawaida haiguswi, na ndiyo itakayopokea faili upya. Kontroli boksi nyingi zinazoitwa zimekufa zilikuwa zinasubiri jaribio la pili, mwenye gari akatoa betri kwa hofu.

Kufungua kontroli boksi na kusoma chipu kwa klipu ni hatua ambayo mwenye gari wa nyumbani haihitaji mara nyingi. Ukifika huko, jihadhari na CH341A, kile kifaa cheusi cha kusoma na kuandika chipu: nyaya zake za data hubaki kwenye volti 5 hata ukiweka umeme wa 3.3, na hiyo inaweza kuiua chipu ya 3.3. Soma mara mbili, linganisha mafaili, hifadhi ya awali, ndipo uandike. Moduli ya eabegi usiichomoe betri ikiwa bado imeunganishwa. Na anayekuomba ubadilishe maili kwenye dashibodi anakuomba ushiriki udanganyifu ambao nchi nyingi huuhesabu kuwa kosa la jinai.

Siku mashine inapofika

Programu za kuvunjiwa kinga zinazokuja kwenye CD na kebo za kopi mara nyingi huja na virusi. Zitengee laptopu ya zamani isiyo na barua pepe wala benki. Kumbuka kwamba madereva mengi ya vifaa hivi yaliandikwa kwa Windows za zamani, na kuyaingiza kwenye mpya kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kupima gari.

Ukinunua tableti iliyotumika, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako. Tableti iliyofungwa kwenye akaunti ya mtu mwingine haisasishiki. Kisha, muda wa kurudisha ukiwa bado upo, ichomeke kwenye gari lako mwenyewe. Isome namba ya chasisi uilinganishe na ya mlangoni. Ichunguze moduli zote na uhesabu ngapi zimejibu. Toa amri moja isiyo na madhara, kama kuzungusha feni. Chomoa ghafla, chomeka tena, uone kama inajirudi bila kuanza upya. Mwisho fungua moduli ya kazi uliyoinunulia, iwe handibreki au nozeli, ufike hadi kwenye kitufe cha kuanza. Kama menyu hiyo haipo kwa gari lako, rudisha mashine leo.